Rangi ya Kucha Juu ya Chipu

Ukifika Maneromango ukataka kumwona mtu asiyemwamini mtu, uliza nyumba ya Bi Mwanne Mwinyimadi. Utaoneshwa kabla hujamaliza kuuliza. Huyu mama akinunua kilo ya sukari, huipima tena nyumbani kwa kikombe chake. Akiletewa habari ya msiba, huuliza kwanza aliyekufa ni nani, kafa lini, na nani kamwona kwa macho yake. Mwenyekiti wa kitongoji alipita siku moja kuandikisha watu kwa ajili ya vyandarua vya bure, Mwanne akamwambia arudi na mwenzake, peke yake hamwandikishi. Mwenyekiti akarudi na mwenzake. Ungefanyaje?

Lakini tusimwonee. Kazi yake ndiyo iliyomfikisha hapo. Mwanne anatotolesha vifaranga. Ana mashine ya umeme, kabati la bati lenye trei sita, kila trei mayai themanini na nane. Wanawake watano wa jirani humletea mayai ya kuku wao wa kienyeji, kila mmoja na trei yake, na trei ya sita ni ya Mwanne mwenyewe. Baada ya wiki tatu wanakuja na maboksi yao kuchukua vifaranga. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, maana hakuna mashine inayototoa mayai yote. Mwanamke kaleta themanini na nane, unampa vifaranga sitini na tano, anakutazama usoni. Hasemi kitu. Anakutazama tu, na wewe unajua anachofikiri.

Aliyesema alikuwa mmoja, na ilibidi awe Firdausi. Firdausi ni mke wa Yahya, mdogo wake Mwanne, na nyumba zao zimetenganishwa na ua wa makuti tu. Mzao uliopita Firdausi alipata vifaranga sitini na mmoja, akasimama katikati ya wenzake akasema, "Mimi wangu wengine nadhani wameota mbawa humo humo ndani wakaruka." Wanawake wakacheka. Mwanne alicheka pia, meno tu. Tangu siku ile akanunua kufuli kubwa la chumba cha mashine, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake, hautoki hata akienda kuoga. Kama ataambiwa mwizi, basi angalau asiwepo mtu mwingine anayeingia mle akafanya wizi kwa jina lake. Na mtu aliyemshuku kuliko wote, ukimuuliza kwa siri, alikuwa huyo huyo wifi yake.

Sasa asubuhi ya siku ya kumi na saba, Mwanne aliingia chumbani akakuta joto limepanda. Kioo cha mashine kinasema mambo ya ajabu, mara themanini na nane, mara sifuri, na taa za kupashia joto zinawaka hazitaki kuzima. Kipimajoto chake cha mkononi kikamwambia kwamba zikibaki hivyo nusu saa nyingine atakuwa amechemsha mayai mia tano. Akachomoa waya ukutani. Akatoa bisibisi, akafungua kile kisanduku cha kuongozea joto akakitoa kizima, akafunika kabati kwa mablanketi mawili mazito. Halafu akafunga mlango kwa kufuli na kuondoka.

Hakumwambia mtu. Amwambie nani? Kama habari ingefika kwa wanawake, hata mayai yakipona, kila kifaranga kitakachopungua kitakuwa kifaranga alichokiua Mwanne. Mzao huu ukiharibika hakuna atakayemletea tena hata yai viza. Alipanda bodaboda mpaka Kisarawe mjini, akadandia gari mpaka barabara ya Morogoro, na saa nne kasoro akawa anateremka Visiga, mkoba kaubana kwapani.

Fundi wake alikuwa Evance, kijana wa Bukoba mwenye kibanda cha kutengeneza redio, inveta na mashine za kuku, maana upande ule wa Kibaha kila nyumba ya pili inafuga. Alishamtengenezea mara moja, mwaka uliopita, fyuzi tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitakaa hapa." Mwanne akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya fundi.

Evance alitabasamu. Alimjua. Kule kwake wateja wote wanakaa, kila mtu anaogopa fundi atamtolea kifaa kizima amwekee kibovu, lakini wengine huchoka wakaenda kunywa chai. Huyu hachoki. Tena mwaka uliopita, kabla hajaleta kisanduku, alikifungua mwenyewe nyumbani akapaka alama yake kwa rangi ya kucha kwenye bodi, juu ya kile kidude cheusi kikubwa kuliko vyote: mstari na nukta tatu, zambarau. Alifikiri kikubwa ndicho cha thamani. Na kweli hakukosea, ndicho chenyewe.

Fundi alipima, akapima tena, akashusha mita yake. "Mama, chipu imekufa."

"Ipi?"

"Hii yenye urembo wako. Hii ndiyo akili ya mashine. Inasoma joto, inaamua kuwasha na kuzima."

"Weka nyingine."

"Hapo sasa." Evance akajikuna kidevu. "Nyingine hazipatikani kirahisi. Wiki hii Kariakoo wameanza kuficha tena. Kule zinakotoka wamefanya mazoezi ya kijeshi, manowari zimezunguka kisiwa, basi kila mwenye kaboksi kake dukani kaweka chini ya meza, anasubiri aone."

Mwanne alimtazama kama anavyotazamwa na Firdausi. "Kisiwa?"

"Taiwani, mama. Chipu za dunia, zile za kisasa kabisa, karibu zote zinatengenezwa pale. China wanasema kisiwa ni chao, wenyewe hawataki, Marekani naye yupo pembeni. Siku wakizipiga, simu, magari, mashine za hospitali, vyote vitakosa akili."

"Mwanangu," Mwanne akasema taratibu, "mimi visiwa navijua. Mafia nimekwenda, Unguja nimekaa. Kisiwa hata kikiwa na samaki na nazi, bado unga kinaletewa. Wewe leo unaniambia dunia nzima, Wazungu na madege yao, wamekaa wanategemea kisiwa?"

Alichokiona yeye kilikuwa wazi kabisa. Kijana anayo hiyo chipu. Ipo kwenye droo. Anamzungushia habari za manowari kwa kuwa amemwona mama wa watu kaja na shida, ili apandishe bei, au, mbaya zaidi, ataondoa ile nzima iliyomo humu na kumwambia imekufa. Alikuja kupigwa changa la macho kutoka Maneromango yote hii! Akasogeza kiti mbele zaidi.

Evance akatoa simu, akamwonesha ramani. Kisiwa kilikuwa kidogo kama jani la mwembe lililoanguka kando ya nchi kubwa. Mwanne akakitazama, akamrudishia simu yake.

"Na hao wakubwa wote walikubaliana wakitegemee hiki?"

"Hawakukubaliana, mama. Walisogea mmoja mmoja. Wale jamaa wanajua kazi, hawakosei, bei yao ni nzuri. Kila mtu akaona ajisumbue kujenga kiwanda cha nini."

"Danganya toto."

"Sawa. Kabla hujanunua mashine, kule kwenu vifaranga walikuwa wanatoka wapi?"

"Kila mtu alikuwa na tetea wake anaatamia jikoni."

"Na sasa?"

"Sasa wananiletea mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi najua ka..." Mwanne akarekebisha kanga yake begani. Jibu lilikuwa limeshatoka nusu na nusu nyingine wote wawili walikuwa wanaijua.

"Na leo mashine yako imezimika," fundi akaendelea, na hapa nadhani alikuwa anaona raha kidogo, "hao mama watano wana matetea wangapi wanaoatamia?"

"Hata mmoja."

Ilikuwa saa tano na nusu. Evance akasema kuna rafiki yake wa Mbwawa anaweza kuwa na chipu moja ya akiba, lakini anataka namba kamili iliyoandikwa juu yake, maana zinafanana kwa umbo na kila moja ina kazi yake. Namba ilikuwa chini ya rangi ya kucha. Akachukua pamba na dawa ya kutolea rangi, na Mwanne akamdaka mkono.

"Usiiguse alama yangu."

"Mama, bila kuifuta sisomi."

"Ukiifuta nitajuaje kama ni yenyewe?"

"Si unakaa hapa unaangalia?"

"Macho yanachoka."

Mnaweza kucheka, lakini walibishana juu ya doa lile la zambarau mpaka adhana ya adhuhuri. Evance alibembeleza, akakasirika, akahudumia wateja wawili, akarudi kubembeleza. Mwanne alishika bodi kwa mikono miwili kama amebeba mtoto wa watu. Hata hivyo saa zilikuwa zinakwenda na yeye alikuwa anazihesabu, mayai yanamuuma rohoni. Mwisho akasema atafuta yeye, kwa mkono wake, fundi akae mbali.

Akachovya pamba na kusugua. Zambarau ikatoka vizuri. Akaendelea kusugua ili namba ionekane, na hapo pamba ikabadilika rangi, ikawa nyeusi. Mwanne akaitazama. Akasugua tena, na maandishi meupe ya chipu yakaanza kutoka, herufi moja baada ya nyingine, mpaka yakaisha. Chini yake palikuwa na mikwaruzo ya msasa, na ndani ya mikwaruzo mabaki ya namba nyingine, ya zamani, ambayo mtu alijaribu kuikwangua asiimalize.

"Lahaula! Nimeiharibu?"

Evance alisogea na lenzi yake jichoni, akaichunguza mikwaruzo ile. "Hukuiharibu. Maandishi ya chipu halisi hayatoki kwa dawa ya kucha, yamechomwa mle mle. Hii iling'olewa kwenye kitu kilichokufa, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi nyeusi, ikaandikwa jina la wakubwa. Mashine ulinunua lini?"

"Mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili. Kwa Isihaka, pale Mbwawa."

"Ndiyo yenyewe. Wakati ule viwanda vilizidiwa, wenye magari na wenye simu wanagombea foleni, vidude vidogo kama hivi vikasukumwa nyuma. Mtu akikosa halisi, hutokea mjanja wa kumpa bandia. Isihaka mwenyewe huenda hakujua. Aliyemuuzia Isihaka pengine hakujua pia."

Mwanne alitaka kusema ni wewe, umenibadilishia. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini angesemaje? Alama ilikuwa yake, mkono ulioifuta ulikuwa wake, na bodi haikutoka machoni pake tangu asubuhi. Alikuwa amelinda bandia mwaka mzima. Alijisikia mjinga, na ujinga ule ukamwasha uso mzima.

"Tuachane na chipu," Evance akasema kwa upole. Akashusha rafuni kifaa cha kizamani chenye kisahani cha bati. "Hii thamostati haina akili yoyote. Kisahani kikipata joto kinavimba, kinasukuma swichi, taa zinazima. Kikipoa kinanywea, zinawaka. Haisomi unyevu, haina kengele, itabidi uwe unaiangalia mwenyewe. Lakini haijui vita wala kisiwa. Nikufungie?"

"Funga."

Akaanza kufunga. Akauliza tu, macho yakiwa kwenye nyaya, "Na kule nyumbani nani anayapa joto mayai sasa hivi?"

"Nimeyafunika mablanketi."

"Ndiyo, lakini nani anayaangalia?"

"Nimefunga mlango. Ufunguo ninao."

Fundi akaacha kazi. Akamtazama, na safari hii hakukuwa na utani usoni pake. "Mama, umetoka huko saa moja. Sasa saa saba. Mpaka nimalize, mpaka ufike, ni saa kumi na moja. Mablanketi hayatoi joto, yanatunza tu lililopo, na lililopo linaisha. Piga simu. Mtu avunje mlango, achemshe maji, aweke madumu ya moto ndani ya kabati."

Mwanne akashika simu. Wanawake wanne wako shambani, simu zao ziko majumbani. Wa tano alikuwa nyumbani, ana mtoto mchanga, haendi shamba mwezi huu. Namba yake ipo pale, Firdausi wa Yahya. Na kila alipotaka kubonyeza alimwona Firdausi peke yake ndani ya chumba chake, trei zote sita wazi mbele yake, anachagua, anahamisha, anatia kwenye kanga. Nani atamshuhudia? Evance akaendelea kumtazama. Mwanne akabonyeza.

"Wifi," akasema, "mashine imekufa. Vunja kufuli la chumba changu."

Kule upande wa pili mtoto alikuwa analialia. "Nivunje mlango wako, wifi? Mimi?"

"Vunja. Chemsha maji, tia kwenye madumu, weka chini ya trei. Yakipoa badilisha."

"Halafu kesho nitaambiwa nini?"

"Firdausi, nakuomba!"

Neno hilo Mwanne hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba ya Yahya. Firdausi akakata simu. Alivunja kufuli kwa mchi wa kutwangia, mapigo manne, tukasikia baadaye kwa watoto waliokuwa uani.

Mwanne alifika saa kumi na moja, kijasho kinamtoka, kisanduku mkononi. Alimkuta wifi yake ameloa maji, mtoto kamfunga mgongoni, anatoa dumu lililopoa na kuingiza la moto. Chumba kilikuwa na joto zuri. Mwanne alifunga kisanduku, taa zikawaka, baada ya muda zikazima zenyewe, zikawaka tena. Alihesabu trei. Akaona moja iko nje ya kabati, kwenye kapu, imezungushiwa kanga mbili na shuka. Akairudisha mahali pake bila kuuliza, ila moyoni aliweka alama: huyu mtu alikuwa anapanga nini na hii trei? Siku nne zilizofuata aliizunguka ile fikra kila alipokwenda kutazama kipimajoto.

Siku ya ishirini na moja wanawake walikuja na maboksi. Habari walishaipata, hiyo ni Maneromango. Walisimama mlangoni bila kicheko, na Mwanne akatoa trei moja baada ya nyingine mbele ya macho yao. Ya kwanza vifaranga sitini na nane. Ya pili sabini. Mboni, mmoja wa wale watano, akapiga kigelegele kidogo. Ya tatu na ya nne zilikuwa nzuri hivyo hivyo. Ya Mwanne ilitoa sitini na sita. Alianza kupumua.

Trei ya mwisho ilikuwa na vifaranga tisa. Mayai mengine yalikaa baridi, na alipovunja moja kuwaonesha, kifaranga kilikuwa kimekamilika, manyoya na yote, kimekufa ndani. Ilikuwa trei ya Firdausi.

Sasa atasema, Mwanne akawaza. Sasa atanimaliza mbele za watu. Akamwahi.

"Ile trei uliyoitoa nje siku ile. Ilikuwa hii?"

"Ndiyo hii."

"Uliitoa kwa nini?"

"Madumu hayakuwa na nafasi. Ilibidi moja itoke."

"Lakini ukatoa ya kwako?"

"Ningetoa ya nani, wifi?" Firdausi alisema bila kupandisha sauti. "Ningetoa ya Mboni, ungesema namwonea. Ningetoa ya kwako, ungenipeleka kwa mwenyekiti. Nilisimama hapo na madumu yanawaka mikononi nikaziangalia zote sita, nikaona kuna moja tu ambayo nikiitoa hutasema neno."

Wanawake wakatazama chini. Mwanne akachukua boksi lake, lenye wale sitini na sita wanaolia, akalisukuma mpaka miguuni pa wifi yake. "Chukua hawa. Wote. Mbele ya mashahidi nakwambia, ni wako."

Firdausi akainama, akaokota wale tisa wake mmoja mmoja akawatia kwenye upande wa kanga. "Wako siwataki. Na mayai sikuletei tena. Juzi nimemwatamisha tetea wangu jikoni, kumi na mawili tu yanamtosha."

Akamweka mtoto sawa mgongoni, akatoka. Mwanne alitaka kumwita arudi, na hakujua akimwita atamwambia nini. Firdausi akapita kwenye ua wa makuti akaingia kwake. Mboni alikuwa bado ameshika boksi lake. Akauliza, taratibu, mzao ujao wanaleta lini, na Mwanne akawa bado anatazama ua wa makuti.